Mashua Isiyo na Rafadha: Je, Yafaa Mito Yetu?

Mkulima wa Lopur analijua jambo moja ambalo mgeni hujifunza kwa taabu. Mto wa huku waweza kuwa njia ya miguu asubuhi, na jioni ukawa ukuta wa maji. Jana watoto walicheza katika mchanga wa laga. Leo maji mekundu yamejaa kutoka ukingo hata ukingo, yanabeba magogo na miiba, na hapa kijijini haikunyesha hata tone moja. Mvua ilinyesha mbali, milimani, usiku watu walipokuwa wamelala.

Basi mama aliyechuma sukuma wiki na kunde alfajiri husimama ukingoni na mzigo wake, na soko la Kakuma liko ng'ambo. Saa moja hupita, saa mbili hupita. Mboga zinaanza kunyauka. Mwishoni kijana mmoja husema, "Maji yamepungua, mimi navuka." Hapo ndipo hatari huanza.

Katika saa za kungoja namna hiyo watu huzungumza mengi, na shauri moja husikika mara kwa mara: Kwa nini tusinunue mashua? Na yule aliyewahi kuona picha zake husema kwamba ziko mashua za mbio zinazopanda mito yenye mawe, hata mahali ambapo maji hayamfiki mtu magotini.

Habari hiyo ni ya kweli. Mashua hizo ziko, na huitwa mashua za jeti. Mwezi huu tutaeleza zilianza wapi, zinafanyaje kazi, na wanaoziendesha huangalia nini. Kisha tutajibu swali lenyewe bila kuficha: je, mashua hiyo yatufaa sisi, au kuna jambo jingine la kufanya kwanza?

ALIYEITENGENEZA ALIKUWA MKULIMA

Wengi hudhani kwamba chombo cha namna hii kilitoka katika kiwanda kikubwa cha Ulaya. Sivyo. Kilitoka katika shamba la kondoo.

Katika nchi ya New Zealand, kisiwa cha kusini, alikuwako mfugaji aliyeitwa Bill Hamilton, aliyezaliwa mwaka 1899. Mwaka 1921 alinunua shamba kubwa la mifugo liitwalo Irishman Creek. Nchi ile ni ya baridi na theluji, wala haifanani na Turkana kwa hali ya hewa. Lakini mito yake mwenye kuijua Turkwel au Tarach angeitambua mara moja. Ni mito mipana yenye changarawe, na maji yake hayaendi katika mfereji mmoja. Hugawanyika katika vijito vingi, hukutana, kisha hugawanyika tena, kama nywele zilizosukwa. Baada ya kila gharika vijito huhama. Palipokuwa na kina juzi, leo pana kokoto tupu.

Bwana Hamilton alikuwa fundi kwa sababu ya shida. Alipotaka umeme shambani alijenga bwawa, akazungusha mtambo kwa maji. Alipohitaji chombo cha kuchimba udongo wa bwawa lile alikitengeneza mwenyewe, na karakana ya shambani ikakua. Ndipo alipotaka mashua ya kupanda mito ya kwao.

Mashua ya kawaida ilimshinda, kwa sababu ina rafadha, yaani yale mapanga yanayozunguka majini nyuma ya mashua na kuisukuma. Rafadha hukaa chini kuliko sehemu nyingine zote za chombo. Ikigonga jiwe huvunjika au kupinda, na mashua iliyovunjika rafadha katikati ya mto wa mawe huchukuliwa na maji kama gogo.

Wazo la kusukuma mashua kwa maji yanayorushwa na pampu lilikuwa la zamani kuliko yeye. Kazi yake ilikuwa kulifanya lifae. Alijaribu mashua yake ya kwanza katika miaka ya 1953 na 1954. Mwanzoni maji yalitoka chini ya mashua, na mwendo ulikuwa maili 11 hivi kwa saa. Kisha alihamisha mdomo wa kutolea maji, akauweka nyuma, juu ya usawa wa maji ya mto. Mashua ikaenda maili 17 kwa saa, na sasa hapakuwa na kitu chochote kilichotokeza chini yake cha kugonga mawe. Hilo ndilo badiliko lililofanya mashua ya jeti iwe chombo cha kweli. Bwana Hamilton alifariki mwaka 1978, na mpaka leo mitambo ya namna yake yatumika katika nchi nyingi.

NI PAMPU ILIYOMO NDANI YA MASHUA

Mkulima wa skimu mwenye pampu ya kunyweshea maji hatapata taabu kuielewa mashua hii, maana ndani yake mna kitu kile kile.

Chini ya mashua, karibu na nyuma, pana tundu lililofunikwa kwa vyuma vyembamba kama chujio. Injini huzungusha gurudumu la pampu. Gurudumu huvuta maji kupitia tundu lile na kuyasukuma kwa nguvu kwenda nyuma, yakatoka katika mdomo mwembamba. Maji yakirushwa nyuma, mashua huenda mbele. Nguvu hiyo unaijua. Ulipowahi kushika mpira wa pampu maji yalipotoka kwa kasi, je, mpira haukukusukuma nyuma mkononi? Ndiyo nguvu hiyo hiyo, ila ni kubwa zaidi.

Mashua hii haina usukani wa ubao majini. Mwendeshaji akizungusha usukani, mdomo wa maji ndio unaogeuka kulia au kushoto. Akitaka kusimama au kurudi nyuma, hushusha kifuniko mbele ya mdomo ule ili maji yageuzwe kuelekea upande wa mbele.

Sasa shika jambo moja ambalo wageni wengi wa chombo hiki hulikosea. Mashua ikisimama huzama kiasi kama mashua nyingine, na huhitaji kina cha sentimita 30 hivi au zaidi. Ikienda kwa kasi huinuka, ikateleza juu ya maji, na hapo yaweza kupita mahali penye kina cha sentimita 10 tu, yaani upana wa kiganja. Kwa hiyo kina kidogo hupitwa kwa mwendo. Mwendeshaji akiogopa akapunguza mwendo katikati ya maji haba, mashua hushuka na kukwama juu ya mawe aliyokuwa akiyaogopa.

Tena, usukani hufanya kazi wakati maji yanarushwa tu. Injini ikizimika, au mtu akiacha kabisa kutia mafuta, hana usukani tena. Katika gari, ukiona hatari mguu hukimbilia breki. Katika mashua hii mara nyingi yakupasa kuendelea kutia mafuta ili uweze kugeuka. Ndiyo sababu mtu hafundishwi kazi hii siku ya gharika. Hufundishwa siku ya utulivu, mara nyingi, na mtu aliyeizoea.

KUUSOMA MTO

Waendeshaji hodari husema kwamba kazi yao kubwa ni kuyaangalia maji, na injini huja nyuma. Elimu hiyo ni ya bure, nayo yamfaa kila mtu anayeishi kando ya mto, hata kama hatapanda mashua maishani mwake. Hizi ndizo alama zao.

Kwanza, ulimi laini. Maji yakipita katikati ya vizuizi viwili hujikusanya, yakafanya ulimi laini wenye ncha inayoelekea maji yanakokwenda. Huo ndio mlango. Kwa kawaida hapo ndipo penye kina.

Pili, ncha inayoelekea maji yanakotoka. Ukiona maji yamegawanyika kuanzia nukta moja na kutanuka kwenda chini, kwenye nukta ile pana jiwe au gogo, hata kama halionekani.

Tatu, vijiwimbi vidogo vidogo vilivyotawanyika kama maji yanayotaka kuchemka. Hapo maji ni haba, na changarawe iko karibu.

Nne, kona. Maji huchimba upande wa nje wa kona, na hulaza mchanga upande wa ndani. Kina kiko nje, ufuo uko ndani. Lakini upande wa nje ndiko miti iliyoanguka hukusanyika, na mti ulioanguka majini ni mtego. Maji hupita katikati ya matawi, bali mtu au mashua hunaswa.

Tano, rangi. Katika maji safi mwendeshaji huona mawe ya chini. Katika maji ya matope haoni kitu, hubaki na alama za juu tu. Na maji ya gharika ya kwetu ni ya matope siku zote.

Anayejifunza hupanda mto kwanza, akielekea maji yanakotoka. Akikosea, maji humrudisha nyuma polepole, naye hupata nafasi ya kufikiri. Akishuka na maji, maji humharakisha kwenye kosa lake.

YANAYOIHARIBU

Mashua hii haigongi mawe kwa rafadha, lakini ina adui zake. Wa kwanza ni changarawe na mchanga. Pampu ikinyonya karibu na sakafu ya mto huvuta mchanga, na mchanga hula gurudumu la pampu kama msasa. Gurudumu likilika, nguvu hupungua ingawa injini yanguruma vile vile. Kwa hiyo mashua ikikwama, neno la kwanza ni kuzima injini. Anayezidi kutia mafuta ili ajitoe hujaza pampu kokoto.

Adui wa pili ni majani, nyasi na vitambaa. Vikiziba chujio, maji hayaingii, na mashua hukosa nguvu na usukani kwa wakati mmoja. Wa tatu ni uzito. Mashua iliyojazwa watu na magunia hainuki juu ya maji, na isipoinuka haina faida yoyote kuliko mashua nyingine. Wa nne ni mafuta, maana injini yenye nguvu ya kutosha kuiinua mashua hunywa sana.

SAFARI ZILIZOIPA SIFA

Mwaka 1960 mashua za Bwana Hamilton ziliupanda Mto Colorado wa Marekani, kupitia lile bonde refu la Grand Canyon, kutoka chini kwenda juu. Hapo kwanza watu walishuka tu katika maporomoko yale, hawakuyapanda.

Afrika nayo imeziona. Tangu Oktoba 1974 hata Januari 1975 msafara mkubwa ulioongozwa na Mwingereza John Blashford-Snell ulishuka Mto Kongo, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Ulipita Lualaba, katika nchi ambayo watu wake wengi husema Kiswahili kama sisi. Msafara ulikuwa na mashua kubwa za mpira, na pamoja nazo mashua za jeti, zilizoweza kupanda tena dhidi ya mkondo. Hata hivyo palikuwa na maporomoko ambayo mtu mwenye akili hakuyapitia. Vyombo vilitolewa majini vikapitishwa nchi kavu.

Mwaka 1977 Edmund Hillary, yule aliyefika kilele cha Everest pamoja na Tenzing Norgay mwaka 1953, aliupanda Mto Ganges wa India kwa mashua tatu za jeti kutoka baharini. Walikwenda mamia ya maili, mpaka milimani. Huko, karibu na Nandprayag, poromoko la maji liliwazuia, nao wakaziacha mashua na kuendelea kwa miguu.

Angalieni jambo moja katika safari hizo zote. Mito ile ilikuwa na maji siku zote za safari. Waendeshaji walikuwa watu wa kazi hiyo. Walikuwa na mafundi, vipuri na mafuta yaliyowekwa tayari njiani. Na mahali mto uliposema hapana, walikubali.

SASA TUTAZAME MITO YETU

Tuanze na Tarach, mto unaopita Kakuma. Hushuka kutoka upande wa milima ya mpaka wa Uganda. Muda mrefu wa mwaka ni mchanga mtupu, na watu huchimba visima ndani yake. Mvua ikinyesha milimani huja kwa ghafula, na umekwisha kuvamia nyumba za watu wa Kakuma zaidi ya mara moja. Kisha baada ya saa chache, au siku chache, hutoweka.

Je, mashua ya jeti yaufaa mto huu? Fikirini. Siku nyingi hauna maji ya kuielea mashua yoyote. Siku unapokuwa na maji, yamejaa mchanga unaokula pampu, matawi yanayoziba chujio, na magogo yanayopasua mbao. Mwendeshaji hana mahali pa kujifunzia, maana mto hauko. Injini hukaa juani mwezi baada ya mwezi, mipira ikikauka na mafuta yakiharibika, na siku ya hatari haitawaka. Chama cha wakulima kikitoa fedha zake kwa mashua ya namna hiyo kitakuwa kimenunua kivuli cha kuku.

Turkwel ni mto wa namna nyingine. Huanzia Mlima Elgon, ambako huitwa Suam, hupita katika korongo la mawe, hunywesha mashamba ya Katilu na mengine, hupita Lodwar, na kuingia Ziwa Turkana. Korongoni lilijengwa bwawa la umeme kuanzia mwaka 1986 hata 1991. Ukuta wake una urefu wa mita 153 kwenda juu, na mitambo yake yaweza kutoa megawati 106. Chini ya bwawa mkondo hutegemea pia maji yanayofunguliwa huko. Mto huu una maji kwa muda mrefu zaidi, lakini ni wa mchanga kuliko mawe, na karibu na Lodwar hupokea maji ya malaga kama Kawalase, ambayo nayo huja bila hodi. Chombo cha uokozi chenye mwendeshaji aliyefundishwa chaweza kuwa na kazi hapo. Lakini hicho ni chombo cha kununuliwa na kutunzwa na wenye kazi ya uokozi, wala si mzigo wa kubebeshwa skimu moja.

Ziwani kwenyewe kina si shida, na wavuvi wa Kalokol huenda kwa mashua zao za kawaida.

Basi jibu letu ni hili. Mashua ya jeti ni chombo kizuri sana kwa mto wenye maji haba yasiyokatika na mawe mengi. Mto wetu mwingi ni wa maji mengi ya ghafula, kisha hakuna. Wahenga walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Bwana Hamilton hakuiga chombo cha mto wa watu wengine. Aliutazama mto wa kwake miaka mingi, ndipo akatengeneza kinachoufaa. Nasi tufuate njia yake hiyo, hata kama mwisho wake si mashua.

CHA KUFANYA MTO UKIJA

1. Chomekeni kijiti. Mkifika ukingoni na maji yamejaa, chomekeni kijiti pale pale maji yanapokomea. Kaeni, tazameni. Maji yakikipita kijiti, mto bado unapanda, rudini nyuma. Yakikiacha, chomekeni kingine. Macho ya mtu mwenye haraka humdanganya, lakini kijiti hakina haraka.

2. Msipime kwa urefu wa mtu, pimeni kwa mwendo wa maji. Maji yaendayo kasi yakifika magotini yaweza kumwangusha mtu mzima. Kina cha sentimita 30 chaweza kuielea gari ndogo, na cha sentimita 60 huchukua magari mengi. Mita moja ya maji kila upande ina uzito wa tani moja. Hakuna dereva mwenye nguvu za kushindana na tani hizo zikija mfululizo.

3. Msivuke usiku, wala msivuke mahali pa jana bila kupajaribu. Gharika huchimba shimo palipokuwa sawasawa, na huacha mchanga mlaini unaomeza miguu ya mtu na ya ng'ombe.

4. Tumieni simu. Mwenzenu aliye upande wa milimani huyaona maji kabla yenu. Kila kijiji na kiwe na mtu mmoja wa juu wa kumpigia, na mmoja wa chini wa kumpasha habari. Onyo la nusu saa latosha kuwatoa watoto, mbuzi na pampu katika laga.

5. Wekeni kamba ukingoni. Kamba ndefu iliyofungwa jerikeni tupu lenye kifuniko huelea, na yaweza kurushiwa mtu anayechukuliwa na maji. Mrushaji asijifunge kamba hiyo mwilini. Wala asiruke majini kumfuata, maana mara nyingi hapo huzikwa watu wawili badala ya mmoja.

6. Pangeni mavuno yenu. Katika miezi ya mvua, mboga za soko zivushwe jioni ya jana wakati laga ni kavu, zikalale kwa ndugu wa ng'ambo au katika banda lililokubaliwa na chama, chini ya magunia yaliyoloweshwa. Kunde na majani mengine yaweza kukaushwa kivulini na kuuzwa baadaye. Mama ambaye mboga zake ziko ng'ambo tayari hana sababu ya kuyajaribu maji.

NA PAMPU YAKO JE?

Kabla hatujamaliza, tuchukue faida moja zaidi kutoka kwa mashua hii. Kinachoua pampu ya mashua ndicho kinachoua pampu ya shamba, tena kwa njia zile zile.

Msilaze chujio la mpira wa kuvutia maji juu ya mchanga. Liwekeni ndani ya ndoo au debe lililotobolewa matundu mengi, na debe liinuliwe juu ya mawe, ili pampu inyonye maji wala si mchanga. Kila mnapozima injini, safisheni chujio. Pampu isizungushwe kavu. Ikipoteza nguvu ingawa injini yanguruma vizuri, kwanza tazameni kama mpira unavuta hewa kwenye maungio. Kama hauvuti hewa, fungueni, mtazame gurudumu lake kama limelika. Wengi hununua injini mpya hali ugonjwa ulikuwa katika gurudumu.

Na jioni, pampu isilale ndani ya mto hata siku moja. Ipandisheni ukingoni, juu kuliko alama ya maji makubwa ya miaka iliyopita, na kuifunga kwenye mti. Wazee wanaijua alama hiyo, waulizeni. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2019 zilionyesha tena kwamba mto hukumbuka njia zake za zamani, hata watu wakizisahau.

NENO LA MWISHO

Inawezekana kwamba siku moja mtu wa Lopur, aliyekua akiutazama Tarach, atatengeneza katika karakana ya bati kitu cha kuvukia ambacho hakuna mtu mwingine aliyekifikiri. Kijana wa namna hiyo akija na vyuma vyake na maswali yake, msimcheke. Jirani wa Irishman Creek naye angaliweza kucheka alipomwona mfugaji wa kondoo akitia pampu katika mashua.

Lakini mpaka siku hiyo, maji yakija, chombo cha kwanza ni kijiti kilichochomekwa ukingoni, na cha pili ni subira. Mboga zilizonyauka zitapandwa tena. Aliyechukuliwa na mto harudi.

Yule kijana aliyesema, "Maji yamepungua, mimi navuka," mshikeni mkono. Mwambieni achomeke kijiti kwanza.